Sakafu ya joto: usiikimbize

SWALI: Fundi, salaam. Tulihamia fleti ya kupanga hapa Bremen mwezi wa Mei, sasa Oktoba imefika na baridi imeanza kuuma. Hakuna radieta hata moja, joto linatoka chini ya sakafu kwa mabomba ya maji. Jana mume wangu kapandisha themostati za vyumba vyote hadi nyuzi 28. Tukalala sakafu ikiwa baridi, alfajiri tukaamka tunavuja jasho, na chumba cha watoto bado barafu! Sebuleni kuna mbao, na mapacha ndiyo kwanza wanatambaa. Tunaogopa kuharibu kitu, au watoto waungue. – Mama Mapacha

JIBU: Salama, dada. Kwanza mwambie shemeji azirudishe hizo 28 ziwe 20. Themostati ya ukutani kazi yake ni kufungua na kufunga maji tu. Uweke 20, uweke 28, maji yanayopita yana joto lile lile. Na yanapita ndani ya saruji nene, ambayo ni kama chungu cha udongo: inachelewa kupata moto, inachelewa kupoa. Ukiwasha leo jioni, tarajia matokeo kesho.

Joto la maji lenyewe hupangwa kwenye boila. Kama iko ndani ya fleti yenu, anzieni nyuzi 25 hivi, mpandishe mbili tatu kila siku mpaka 35. Nyumba nyingi mpya hazihitaji zaidi. Mbao zikipashwa ghafla hukauka vibaya na kuachana. Kabla ya kuwasha, tazama geji ya presha: maji yakiwa baridi isome kati ya bar 1 na 2. Ikishuka tena baada ya kujazwa, kuna mahali panavuja, na kuendelea kuongeza maji si dawa.

Sasa chumba cha watoto. Tafuta kabati la bati ukutani, mara nyingi liko koridoni. Ndani utakuta mabomba mawili yamelala, na kila chumba kina tawi lake lenye kikofia cha plastiki. Pandisha themostati ya chumba hicho, subiri dakika tano, kisha angalia kiglasi cha kupimia maji cha tawi hilo. Kama alama ya ndani yake haijasogea, fungua kikofia kwa mkono. Chini yake kuna pini ndogo ambayo hupenda kukwama baada ya kukaa kiangazi kizima bila kazi. Ibonyeze taratibu kwa kipande cha ubao. Ikirudi juu yenyewe, umepona. Usiivute kwa koleo hata siku moja, utaoga! Ikiwa pini inacheza na bomba bado ni baridi, huenda kuna hewa ndani. Hiyo hutolewa tawi moja moja, na katika nyumba ya kupanga mwachie fundi wa mwenye nyumba.

Mapacha usiwahofie. Kwa kanuni za Ulaya, sakafu ya chumba cha kukaa haitakiwi kuzidi nyuzi 29, chini ya joto la mwili, na mbao nyingi mwisho wake ni 27. Sakafu ikichoma unyayo, zima na uite fundi. Mkeka wa ukili tandika bila wasiwasi, ila zulia nene lenye mpira chini au godoro la kulaza watoto hapana, joto linakwama hapo. Na kama bafuni mna waya za umeme badala ya maji, hilo ni kali zaidi: usifunike kitu, na kabla ya kuwasha bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya usalama. Isipokata umeme, msiwashe.

Boila ya gesi ikiwa ndani, wekeni king'ora cha kaboni monoksaidi (CO), ile gesi yenye sumu.

Kwa mazoea ya Ujerumani msimu wa kupasha nyumba huanza 1 Oktoba, kwa hiyo mwenye nyumba hana la kusingizia. Mwandikie, usimpigie simu tu, na uambatishe picha ya geji na ya vile viglasi, ili fundi wake aje na vifaa vinavyotakiwa.