Wadogo zangu wa utafiti, wale wasiokuwemo kwenye jedwali lako wako wapi?

Wiki hii nimekaa na vijana watatu kwa siku tofauti, mmoja wa fainansi, mmoja wa fizikia ya kwanta, wa tatu daktari anayesomea upandikizaji wa figo. Hawajuani kabisa, na wote wameniletea kosa lile lile, limevaa tu nguo tofauti. Usiku usingizi ukakataa kwa sababu hilo kosa nalijua, mimi lilishanila. Basi naandika hapa, wapelekeeni na wenzenu kabla msimu wa difensi, wa kutetea tasnifu, haujaanza.

1. Faili la data ghafi usiliguse, fanyia kazi kopi.

2. Ukigawa watu makundi, jiulize kila mtu ilijulikana LINI kwamba ni wa kundi hilo. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Miaka ya nyuma nilipewa data ya wagonjwa wa figo, waliobaki kwenye dialisisi (mashine ya kusafisha damu) na waliopandikizwa. Kazi niliiona nyepesi: kuna kolamu ya kuanza dialisisi, kolamu ya tarehe ya upasuaji kama upo, kolamu ya kifo au mara ya mwisho kuonekana kliniki. Nikaongeza kolamu yangu ya ndiyo na hapana, aliyepandikizwa ndiyo, wengine hapana, nikahesabu siku zote kuanzia dialisisi ya kwanza, nikachora Kaplan-Meier, grafu ya sehemu ya watu walio hai kadiri siku zinavyokwenda. Mistari ikaachana mapema kabisa na p (uwezekano wa kuona tofauti kama ile kwa bahati tu) ikawa ndogo ajabu. Supavaiza akafurahi, abstrakti, muhtasari wa utafiti, ikatumwa kwenye kongamano, nikaambiwa kwanza niwaonyeshe watu wa wodi.

Kwenye kikao alikuwepo sista mmoja wa chumba cha dialisisi, amekaa nyuma karibu na mlango, bado yuko na eproni maana alikuwa katikati ya zamu. Akanyoosha mkono. "Kaka samahani, mimi takwimu sijasoma. Yule baba wa kitanda cha tatu alishapata ndugu wa kumpa figo, vipimo vilishakubali, tarehe ilishapangwa, akatutoka wiki mbili kabla. Yeye umemweka wapi?" Nikamwambia kundi la dialisisi, sista. Akauliza tena, "Na yule kijana wa kitanda cha nne? Walianza mwezi mmoja, yeye akafika thieta. Ile miezi aliyokaa kwenye mashine zangu umemwandikia nani?"

Nikafungua faili pale pale mbele ya watu, nikashuka mpaka safu ya yule kijana. Dialisisi Januari, upasuaji Novemba ya mwaka uliofuata. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeiandikia figo mpya, figo ambayo wakati huo ilikuwa bado mwilini mwa dada yake.

Mnaona lakini? Ili mtu aingie kwenye kundi langu la waliopandikizwa ilibidi kwanza asife mpaka siku ya upasuaji. Aliyekufa akisubiri, kifo nimekiandikia dialisisi, aliyevuka, ile miezi ambayo mashine na yule sista ndio walimbeba nimeipa figo. Yaani hata kama upasuaji usingesaidia kitu, grafu yangu ingesema umesaidia. Nililia siku ile, nasema kweli, maana nilishaanza kujipongeza juu ya kifo cha yule baba bila kujua. Kesho yake nikaandika barua ya kuondoa abstrakti, halafu nikaanza upya: kila mgonjwa anaanzia upande wa kusubiri, siku ya upasuaji ndo anahamia upande wa pili, na siku zake zinagawanywa hapo hapo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa lenyewe lina umri. Matokeo ya upandikizaji wa moyo pale Stanford yalichambuliwa hivi hivi, na mwaka 1972 mwanatakwimu Mitchell Gail akaandika wazi kwamba ulinganisho ule una upendeleo. Ile data imo ndani ya R, programu ya takwimu, kwenye pakeji ya survival, inaitwa jasa: wagonjwa 103 waliokubaliwa kwenye programu, 69 wakapata moyo. Ifungueni leo usiku, chora kwa njia yangu ya kwanza, halafu chora kwa njia sahihi, uone kwa macho yako.

Na msidhani ni ubishi wa wanatakwimu. Mwaka 1999 mtafiti Wolfe na wenzake walilinganisha waliopata figo ya marehemu na walio kwenye orodha ya kusubiri Marekani, muda ukiwa umehesabiwa vizuri. Wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji hatari ya kufa ilikuwa mara 2.8 ya anayesubiri, halafu ikashuka, na kwa muda mrefu ikawa chini kwa asilimia 68. Hilo ndilo jibu mgonjwa anastahili kulisikia kabla hajasaini fomu, kwamba mwanzo ni mgumu na mbele kuna nafuu kubwa. Grafu yangu isingeweza kumwambia.

3. Mdogo wangu wa fainansi, umechukua kampuni zilizopo soko la Nairobi leo, ukarudi nazo nyuma miaka kumi na tano, ukaniambia stratejia yako inalipa. Mumias Sugar iko wapi? ARM Cement iko wapi? Mwekezaji wa miaka ile hakujua nani atasimamishwa sokoni, alinunua zote, na hela yake ikaenda nazo. Orodha ya kampuni iwe ya siku ile ya kununua, sio ya leo. Ni kitanda cha tatu hicho hicho.

4. Wa kwanta, wewe umefuta kila mstari ambao ditekta moja (kifaa cha kunasa fotoni, chembe za mwanga) haikulia, halafu S ikavuka 2 ukashangilia (S ni kipimo cha jaribio la Bell: ikivuka 2, chembe mbili zinahusiana kuliko fizikia ya kawaida inavyoruhusu). Fotoni zilizopotea umeamua zinafanana na zilizobaki, na hiyo ni dhana, iandike kwamba ni dhana. Ndo ilikuwa shimo la majaribio ya Bell kwa miongo, hata yale ya mwanafizikia Aspect ya 1982 yalibaki nalo. Watafiti wa Delft, Uholanzi, mwaka 2015 walitumia elektroni ndani ya almasi mbili zilizoachana kilomita 1.3, na ishara ya kwamba jaribio limeanza ilitoka kabla ya kusoma majibu, kwa hiyo hakuna jaribio lililoruhusiwa kutupwa. Walipata majaribio 245 tu kwa saa 220, S ikawa 2.42. Mia mbili arobaini na tano! Na wewe una mamilioni ila hujui umetupa mangapi. Kwa hiyo hesabu ulizotupa, namba hiyo iingie ukurasa wa kwanza wa matokeo.

5. Semina zenu waiteni manesi, mafundi wa maabara, watu wa kaunta, wao ndo wanawajua waliopotea.

6. Chagua safu kumi, ziandike kwa mkono kwenye karatasi, tarehe kwa tarehe, kabla hujaandika kodi ya kompyuta hata moja. Mimi siku hizi naanza hivyo kila mradi, na safu ya kwanza naichagua kutoka kwa waliokufa wakisubiri.

Wa figo, kesho saa tatu njoo na faili na penseli. Laptopu iache nyumbani.