Bendera ya Taifa: bluu ikikaa upande wa mlingoti, tatizo ni kamba au mshono?

Swali: Habari fundi. Mimi ni mwalimu, shuleni tumeshonewa bendera ya taifa mpya lakini tukiipandisha bluu ndo inakaa upande wa mlingoti. Tumegeuza kamba juu chini, bado. Halafu ofisini tunataka kuitundika ukutani kwa wima na kila mtu anasema lake. Ipi ni sahihi?

Jibu: Nzuri mwalimu. Kwenye bendera yetu ya Tanzania kitu cha kwanza kuangalia ni rangi gani imeshika kamba, habari ya rangi gani ipo juu inafuata baadaye. Kijani ndo inatakiwa ikae upande wa mlingoti, inaanzia kona ya juu na kushuka nao karibu mpaka chini, pale kona ya chini unaanza mkanda mweusi na mistari yake ya njano, unapanda kwa hanamu mpaka kona ya juu ya mbali, na bluu inabaki chini upande unaopepea. Bluu haigusi mlingoti kabisa.

Kwa hiyo ukikuta kijani ipo kwenye mlingoti ila imekaa chini na bluu ipo juu, hapo ni kamba tu, shusha, geuza, pandisha tena. Lakini yenu bluu ndo ipo kwenye mlingoti, na mmegeuza kamba haikubadilika, hiyo basi imeshonwa pindo la kamba upande usio wake na hakuna namna ya kuigeuza ikakaa sawa. Mwambieni fundi afumue pindo alihamishie upande wa kijani, bendera yenyewe haina haja ya kushonwa upya. Angalizo moja, mtu akisimama upande wa pili wa uwanja ataona mlingoti upo kulia na mkanda unashuka kutoka kushoto, hiyo ni bendera ileile kwa nyuma, msije mkaanza kubishana na kuishusha.

Haya mambo yana historia yake kidogo. Bendera ya Tanganyika ya 1961 ilikuwa na mistari ya kulala, kijani juu, kijani chini, nyeusi katikati na njano pembeni yake, yaani hata ukiipandisha kichwa chini inabaki vilevile. Baada ya Muungano wa Aprili 1964 ikaunganishwa na ya Zanzibar iliyokuwa bluu, nyeusi na kijani, na tarehe 30 Juni 1964 tukapata hii ya mkanda wa hanamu. Ni nzuri mno, naipenda kuliko nyingi nilizowahi kushona, ila inadai umakini kwa sababu ina juu yake, chini yake na upande wake wa kamba.

Sasa ukutani. Ikilala kawaida, kijani iwe juu kushoto kwako wewe unayeitazama. Kwa wima wengi wanaizungusha tu robo mzunguko ili upande wa kamba uwe juu, na hapo ndo inaharibika, kijani inahamia kulia na mkanda unashuka kutoka kushoto kwenda kulia. Utaratibu unaotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba ile kona ya juu ya upande wa kamba ibaki juu kushoto kwa mtazamaji, kwa hiyo ukishaizungusha igeuze pia uonyeshe mgongo wake. Ukifanya hivyo kijani inabaki juu kushoto, bluu chini kulia, mkanda unapanda kutoka chini kushoto, sawasawa na ilivyokuwa imelala. Ndo maana siipendi bendera iliyochapwa upande mmoja tu, ukiigeuza mgongo umefifia. Ya Zanzibar inayotumika tangu 2005, yenye bendera ya Muungano pale kwenye kona, nayo inatundikwa kwa njia hiyohiyo na ile ndogo ya kwenye kona inakaa sawa yenyewe.

Na kwa kuwa fundi atakuwa ameshaifumua, mpime kabisa. Uwiano ni 2 kwa 3, mfano kimo sentimita 120 na urefu 180. Mafundi wengine wanakunja kitambaa kona kwa kona kama wanatafuta mraba, wanapata pembe ya nyuzi 45, matokeo yake mkanda unatokea juu sentimita 60 kabla ya kona. Nyuzi sahihi ni kama 34, na hamna haja ya kupima nyuzi, vuta uzi kutoka kona ya chini ya kamba mpaka kona ya juu ya mbali, kwa saizi hiyo ni kama sentimita 216, uzi huo ndo upite katikati ya mkanda mweusi. Upana wa mkanda na wa mistari ya njano afuate mchoro rasmi, asikadirie kwa macho.

Kingine, kijani na bluu zikikatwa hanamu zile kingo zinavutika, cherehani inazivuta zaidi na bendera inatoka na mawimbi. Mkanda mweusi na njano vikatwe kwa kufuata urefu wa uzi wa kitambaa, hivyo ndo vitazishika zile kingo. Ashikize kwanza kwa mkono kabla ya kupitisha mashine, na ile ncha inayopepea apige mishono miwili au mitatu maana upepo unaanza kuchana hapo.