Kurudi studio ukiwa na mvi

Nilizima mashine za kurekodia muziki mara ya mwisho mwaka 2001, nikaenda kutafuta riziki kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini. Nilipokaa tena mbele ya spika ilikuwa 2021, nina miaka 49, kwenye chumba cha uani Tabata kilichokuwa stoo ya ndoo na baiskeli mbovu. Tangu hapo haupiti mwezi bila mtu wa rika langu kuniuliza aanzie wapi kurekodi nyumbani: mpiga gitaa wa bendi aliyegeuka mwalimu, mwanakwaya anayekaribia kustaafu, hata fundi cherehani mmoja aliyekuwa akipiga tumba zamani. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kiinua mgongo usikiguse. Namjua mtu aliyekimaliza chote kwa vifaa kabla hajarekodi wimbo mmoja, na leo vifaa hivyo vimefunikwa kanga. Cha kuanzia ni laptopu yenye afya, interfesi (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya kuchomeka vitu viwili, hedifoni zinazofunika masikio, kinanda kidogo cha kuingizia nota, na maiki moja ya dainamiki. Nasema dainamiki makusudi. Maiki ya kondensa ni nzuri, lakini inamsikia jogoo wa jirani, inasikia feni, inamsikia na muuza madafu aliye mtaa wa tatu. Dainamiki ya Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na bado inatosha, ila bandia zake ni nyingi. Inunue kwa mtu atakayekuruhusu uijaribu kwanza. Programu ya kurekodia isikutoe jasho. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Vijana watakucheka kwa kutotumia wanayotumia wao. Waache wacheke.

Chumba ndicho kilichonitesa kuliko kitu kingine chochote. Changu kina mita tatu kwa tatu, na sikujua kwamba hapo tayari nilikuwa na tatizo. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zilizoachana mita tatu huinyanyua sauti yenye mitetemo kama 57 au 58 kwa sekunde. Chumba kikiwa mraba, jozi mbili za kuta zinafanya kazi hiyohiyo kwa pamoja. Sasa, uzi wa nota ya La (A) wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa mitetemo 55. Kila besi ilipogusa La, vioo vya dirisha vilitetemeka, nami nilikuwa nimeegemeza kiti ukuta wa nyuma, pale ambapo sauti hiyo hujaa zaidi. Nikaona besi imezidi, nikaipunguza. Nikaipunguza tena. Kesho yake nikaucheza wimbo kwenye gari la shemeji yangu, akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akauliza, "Besi ataipiga lini?"

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, hamisha kiti. Usikae katikati ya chumba, maana hapo besi hupotea, na usiegemee ukuta. Mimi nimekaa kama mita moja na robo kutoka ukuta wenye spika, na spika zenyewe ni ndogo. Zile kubwa za inchi nane nilizonunua kwa tamaa niliziuza. Trei za mayai usibandike. Najua kila studio ya uswahilini inazo, lakini kwa besi hazifanyi lolote, zinapunguza mwangwi mwembamba kidogo tu na zinashika moto upesi. Besi inataka kitu kinene. Nilijaza sufi kwenye magunia manne nikayasimamisha kwenye pembe nne kama walinzi, nikatundika godoro la sponji la inchi sita nyuma ya mahali anaposimama mwimbaji, nikaliacha kabati la nguo lilipo, likiwa limejaa. Mke wangu anasema chumba kinafanana na ghala la korosho. Miksi zangu sasa zinafika kwenye gari zikiwa na besi.

Kelele za nje huwezi kuzizuia kwa sufi, usijidanganye. Mimi nazifuata kwa saa: kati ya saa nne na nusu usiku na adhana ya alfajiri ndiyo studio yangu. Mvua ikipiga bati, nakunywa chai.

Kuna tabia moja ya zamani itakayokuponza. Kwenye kanda tulizoea kusukuma sauti mpaka sindano iguse nyekundu, kwa sababu chini yake kulikuwa na mvumo wa kanda wenyewe, na kanda ikijaa huwa inanenepesha sauti vizuri. Kompyuta haina utani huo. Ikifika sifuri, ambayo ndiyo kilele cha kipimo chake, inakata kichwa cha sauti na hakuna dawa. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kusukuma, acha sehemu zenye nguvu zaidi ziishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Miezi miwili ya mwanzo nilirekodi kwa mkono wa 1996, nikashangaa kwa nini kila kitu kinachanika.

Jambo jingine ambalo kwenye kanda halikuwapo ni kuchelewa. Mwimbaji anaimba, sauti inapita kwenye kompyuta, inamrudia kwenye hedifoni ikiwa nyuma, naye anaanza kuburuta. Alikuja mama mmoja wa kwaya, mwimbaji hodari, nikaanza kumkosoa mapigo. Kumbe kosa ni langu: bafa, yaani fungu la vipimo vya sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulipitisha, ilikuwa 1024. Kwa kasi ya vipimo 48,000 kwa sekunde, huko ni kuchelewa kwa zaidi ya sehemu 21 kati ya elfu za sekunde, na hapo ni njia ya kwenda tu. Niliposhusha hadi 128, ambayo ni chini ya sehemu tatu kati ya elfu, aliimba mara moja tukamaliza. Nilimwomba radhi. Ukirekodi shusha bafa, ukimiksi ipandishe ili mashine ipumue.

Lakini yote hayo utajifunza ndani ya mwaka. Kitakachokukalisha ni kutomaliza.

Studio niliyoanzia ilikuwa na kanda ya traki nane, yaani njia nane za kurekodia kila sauti peke yake. Ngoma zilikula nne, besi moja, magitaa mawili, ikabaki moja. Waitikiaji wakae wapi? Ndipo fundi mkuu alipozikusanya ngoma zote nne kwenye ile traki moja iliyobaki, kisha akafuta zile nne ili mwimbaji na waitikiaji wapate nafasi. Kabla ya kubonyeza alituangalia wote na kuuliza, "Mmeridhika?" Ngoma ya mguu ikiwa ndogo wakati ule, itabaki ndogo mpaka kiama. Na nje ya mlango kuna bendi nyingine imeshalipia saa inayofuata.

Nyumbani hakuna mtu nje ya mlango. Traki ni mia, saa ni bure, na kila uamuzi unaweza kurudishwa nyuma. Wimbo wangu wa kwanza ulichukua miezi 14. Kwenye folda kulikuwa na faili la "mwisho", "mwisho kabisa", na "mwisho kweli 7". Yale niliyoyalaani ujanani, uhaba wa traki na mwenye studio anayetazama saa, ndiyo yaliyokuwa yakinimalizia nyimbo bila mimi kujua. Nimelazimika kuyarudisha kwa nguvu. Wimbo haupiti traki 16. Ngoma nikishazipanga nazikusanya kuwa faili moja na kulifunga faili la awali. Na mpiga solo namlipa kwa saa, pesa taslimu. Jaribu hilo, utaona jinsi utakavyojua mapema unachotaka apige.

Vijana wasikutishe, wala usijifanye mmoja wao. Mpwa wangu alileta singeli nimrekodie, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, nikadhani programu imeharibika. "Anko, ndivyo ilivyo." Nikakaa kimya nikajifunza namna anavyokata na kurudia sampuli, naye akajifunza kwangu kumsogeza mwimbaji hatua moja nyuma ya maiki badala ya kurekebisha kila kitu baadaye. Tumeandikiana mgawanyo wa haki kwenye karatasi, sahihi mbili, kabla wimbo haujatoka. Ujomba na karatasi havigombani. Nyimbo nilizofanya zamani hazina jina langu popote, na sheria ya hakimiliki ya 1999 haiwezi kunisaidia kama sina hata barua. Ukiwa Tanzania, sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Nakala za kazi zako ziwe tatu, moja isilale nyumba moja na nyingine. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo hauchagui diski.

La mwisho ni masikio. Tukishapita miaka 40 sauti nyembamba za juu zinatutoka taratibu, bila maumivu, bila taarifa. Nilijua hivyo kwa kusoma, sikuamini. Siku moja nimemaliza miksi ya ile kwaya, nimeisikiliza mara ishirini, safi kabisa. Binti yangu wa miaka 15 akavaa hedifoni kwa sekunde tatu, akazivua. "Baba, kuna mbu humu." Mbu yupi? Nilipofungua picha ya masafa ya sauti nikaona mstari mwembamba, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho, juu kidogo ya mitetemo 15,000 kwa sekunde. Ulikuwa mlio wa chaja ya laptopu. Tulipoichomoa na kurekodi kidogo, mstari haukuwapo. Tulimwita mama wa kwaya arudie wimbo wote.

Siku hizi nasikiliza kwa sauti ya chini, napumzika kila baada ya saa moja, na hakuna wimbo unaotoka chumba hiki kabla binti hajavaa hedifoni. Ujira wake ni chipsi mayai, na bei imeshapanda mara mbili.