Niende au nisiende? Ninavyopima hatari ugonjwa unapolipuka

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, huku kwetu kuna mlipuko, na Jumamosi rafiki yangu anafunga ndoa. Niende au nisiende?" Hakutaja ugonjwa gani. Nilipomuuliza alishangaa, kana kwamba milipuko yote ni mamoja. Najua wengi wetu tunataka jambo lilelile: tuhudhurie shughuli za watu wetu, tuwalinde wazazi na watoto, tusiitwe waoga wala wazembe. Kwa hiyo namjibu hapa, lakini kwanza nieleze nilikojifunzia.

Mwaka 2020 korona ilipoenea nilikuwa naishi na mama. Ana sukari, na umri umeshakwenda. Kaka yangu akapanga harusi: ndoa ingefungwa uwanjani mchana, sherehe ukumbini usiku. Mchana ule nilipita kuuona ukumbi. Viti vilikuwa vimebanana hadi ukutani. Nikajaribu kufungua dirisha, halikufunguka. Komeo lilikuwa limepakwa rangi likagandana na fremu. Nikajaribu la pili, vilevile. Nikawaza watu wote wale humo ndani hadi usiku wa manane, muziki juu, kila mmoja akimpigia mwenzake kelele usoni ili asikike. Nikasema ndoa nitakuwepo, ukumbini sikanyagi.

Maneno niliyoambiwa sijayasahau. Shangazi alisema najiona. Binamu akasema namwonea wifi wivu. Mpaka leo picha za usiku ule zikitolewa, lazima mtu aulize "wewe ulikuwa wapi?" na jibu analo. Inauma. Lakini hesabu yangu ilikuwa sahihi, na ningeirudia kesho. Korona husambaa kwa hewa, mtu huweza kuambukiza kabla hajaona dalili yoyote, na hatari ya kufa hupanda sana kwa wazee na wenye sukari. Mimi nilikuwa kijana mwenye afya. Niliyekuwa nampimia hatari ni mama, ambaye hata kadi ya mwaliko ya ukumbini hakuwa nayo.

Baadaye kikazuka kipindupindu, na shangazi yuleyule akaugua. Watu waliokuwa wakinicheka wakaogopa hata kupita karibu na mlango wake. Mimi niliingia. Nilimkalia kitandani, nikamshika mkono, nikawa namnywesha ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudishia mwili maji, kidogo kidogo huku tukingoja usafiri wa kumpeleka kituo cha afya. Sikuwa shujaa. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kwa maji na chakula chenye kinyesi cha mgonjwa, hata kama ni kidogo cha kutoonekana. Kukaa chumba kimoja na mgonjwa hakukupi. Nilinawa kwa sabuni kila nilipomgusa, ndoo yake nikaitia klorini, na sikula wala kunywa chochote mle ndani. Mwoga wa harusini ndiye aliyebaki naye. Sijawahi kuwakumbusha, leo nimelisema.

Kuogopa pasipohusika ni kosa la zamani. London mwaka 1854 wengi waliamini kipindupindu hutokana na hewa chafu. Daktari John Snow akafuatilia vifo vimetokea wapi, akaona vimezunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Waliokuwa wakikwepa harufu mbaya walikuwa wakinywa ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la kwanza ni hili: ugonjwa unaingiaje mwilini? Surua huingia kwa hewa, na kirusi chake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ebola hupita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa aliyekufa. Mtu ambaye bado hana dalili haambukizi, lakini dalili zaweza kuchelewa hadi siku 21. Ndiyo maana kwenye mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, uliochukua roho zaidi ya 11,000, kuosha maiti kulikuwa hatari kuliko kukaa karibu na mtu asiye na dalili kwenye basi. Ukishajua mlango, jiulize ukiupata utakufanya nini wewe, kwa umri wako, maradhi yako na chanjo zako. Kisha ujiulize unarudi nyumbani kwa nani.

Hilo la tatu ndilo watu hulikimbia. Kijana anasema "mimi nitapona," na huenda kweli atapona! Bibi yake je? Nasema tena: unarudi kwa nani? Na acheni kutishwa na jumla ya wagonjwa tangu mlipuko uanze. Angalia wapya wa wiki hii, katika eneo lako, na kama wanaongezeka au wanapungua.

Sasa nikujibu mdogo wangu. Umeniambia ni surua, hujui kama ulichanjwa, na una mtoto wa miezi minne. Kati ya watu 10 wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa wa surua, hadi 9 huambukizwa, na mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutoka. Utamjuaje ukumbini? Mwanao bado hajafikia umri wa chanjo ya kawaida. Tafuta kadi yako ya kliniki au muulize mama yako leo. Ikionekana ulipata dozi mbili, au uliwahi kuugua surua, nenda ukacheze, mtoto abaki nyumbani. Isipopatikana, usiende. Nenda ukachanjwe, ila kama una ujauzito mwambie mhudumu kwanza, kwa sababu chanjo hiyo haitolewi kwa mjamzito. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo Jumamosi hii haitakusaidia. Mpigie bibi harusi mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.