Meni swichi iko chumbani kwa mtu, na mlango una kufuli

SWALI: Shikamoo fundi. Tumepanga nyumba ya vyumba sita huku Mbagala, LUKU moja. Meni swichi iko chumbani kwa kijana wa zamu za usiku. Akitoka anapiga kufuli. Juzi soketi yangu ilinuka plastiki nikipiga pasi, tukakosa pa kuzima. Mwenye nyumba anasema breka zipo, hatari ikija zitakata zenyewe. Ni kweli? – Mpangaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kasema nusu. Breka hukata kukiwa na shoti au mzigo ukizidi. Waya uliolegea ndani ya soketi si kimojawapo. Pasi yako inavuta ampea kama nane. Pale palipolegea panaungua polepole, lakini umeme unaopita ni uleule, na breka ya ampea 32 inakaa kimya. Hapo anatakiwa mtu wa kuzima kwa mkono.

Ndiyo maana kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo mafundi wengi wa huku tumezisomea, zinataka swichi kuu iwe karibu na umeme unapoingilia, na kwenye nyumba za watu wa kawaida ikate laivu na nyutro, yaani nyaya zote mbili za umeme, kwa pamoja. Za Marekani zinawataja kabisa wakaaji: kila mmoja aweze kuzifikia breka za upande wake. Tena zinakataza boksi la breka kukaa bafuni au kwenye kabati la nguo.

Ufunguo wa akiba? Usikubali. Utatafutwa gizani na watu sita wanaopiga kelele.

Bodi, yaani hilo boksi la breka, si lazima ihamishwe. Iwekwe aizoleta, yaani swichi ya mkono ya kuzima nyumba nzima, ya ampea 63, inayokata laivu na nyutro, koridoni, kati ya mita na bodi, usawa wa kifua. Ikikaa nje, boksi liwe lisilopitisha mvua. Waya wa mita una lakiri, kwa hiyo TANESCO waitwe wakate kwanza, na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Umeme ukisharudi, fundi abonyeze kitufe cha T kwenye RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Isipokata, imekufa, ibadilishwe. Kama hakuna kabisa, afunge. Matundu wazi ya bodi ayazibe. Mijusi hupenda joto la mle.

Soketi yako usiichomeke kitu mpaka ifunguliwe.

Gharama ni za mwenye nyumba. Ukihama, aizoleta inabaki ukutani kwake.