Jipe pole kabla ya kitanda kinachofuata

Katika zamu moja muuguzi hutoa pole nyingi kuliko vidonge. Pole kwa mgonjwa, pole kwa ndugu waliolala nje chini ya mti, pole kwa mama aliyetoka Chamwino na mtoto mgongoni. Akitoka getini, bodaboda anamwambia "pole na kazi", naye anajibu "nimeshapoa". Hajapoa. Amejibu kwa mazoea, na mzigo wa siku nzima ameondoka nao.

Mzigo huo ukirundikana miezi kadhaa, unazaa uchovu ambao usingizi wa siku moja hauuondoi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huo si ugonjwa bali ni hali inayoletwa na msongo wa kazi usiodhibitiwa, na dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi. Huanza kidogo kidogo: mtu aliyekuwa Mama Neema anakuwa "yule wa kitanda cha sita", na maswali ya ndugu yanaanza kukukera kabla hawajayamaliza.

Kristin Neff, mtafiti wa Marekani, mwaka 2003 alieleza kujihurumia kwa mambo matatu: kujitendea wema, kukumbuka kwamba kuumia ni kwa binadamu wote, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyafukia. Wodini nafasi ya kukaa na hayo yote haipo. Lakini kunawa mikono kupo. Kunawa kwa sabuni kunakotakiwa huchukua sekunde 40 hadi 60, na hizo ni zako.

Fungua koki, paka sabuni, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Rudia mara mbili, maana pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Ukisugua katikati ya vidole, sema kimoyomoyo: "Hili limeniuma." Ukifika kwenye vidole gumba: "Mwenzangu yeyote lingemuuma." Ukisuuza, jiite kwa jina unaloitwa nyumbani, kisha ujipe pole. Jina la nyumbani lina kazi yake, kwa sababu wodini umezoea kuitwa "nesi" au "dokta", na nesi haruhusiwi kuumia.

Wengi hukwama kwa kuruka sentensi ya kwanza. Wanakimbilia "usijali, yatapita", na moyo unakataa kwa sababu haujasikilizwa. Wengine wakianza tu, machozi yanawajaa. Usiogope, ni kama kufungua mlango wa chumba kilichofungwa siku nyingi. Acha maneno, kanyaga sakafu kwa nguvu, sikia nyayo zako zilivyo ndani ya viatu mpaka utulie. Utaendelea siku nyingine.

Na ukikosea dozi, pole haifuti kosa. Mwangalie mgonjwa kwanza, mwambie daktari na muuguzi mfawidhi, andika kwenye faili. Pole inakuja baada ya hapo, ili kesho usiingie zamu mikono ikitetemeka.

Mwili nao usiusahau. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu, na wengi hawanywi maji ili wasitoke wodini kwenda chooni. Saa nane mchana kichwa kinauma, hasira ziko juu, kisha unajilaumu kwamba huna utu. Weka chupa ya maji kwenye chumba cha wauguzi, unywe kila unapomaliza mzunguko.

Mganga hajigangi, kwa hiyo tafuta mwenzako mmoja. Baada ya kukabidhiana zamu, dakika tano: "Leo kipi kimekubana?" Anayesikiliza asitoe ushauri, na jina la mgonjwa lisitajwe. Mambo haya hayazibi pengo la wafanyakazi. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima ni suala la kupeleka kwenye kikao, tena kwa maandishi.

Huzuni ikidumu wiki mbili, usingizi ukikataa, au ukaanza kufikiria kufa, usisubiri. Zungumza siku hiyohiyo na daktari unayemwamini, au nenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma. Najua jina hilo mitaani limefanywa tusi, na kwamba mhudumu wa afya huogopa kuonekana pale kuliko mtu mwingine yeyote. Mwombe yule mwenzako wa dakika tano akusindikize.