Madogo wa raga mnaoenda mtoano, ile karatasi ya kanuni za kombe mnaifanyia nini?

Jumamosi nimesimama uwanjani nimejikunyata, baridi ya Mbeya mnaijua, mlima Loleza wote umemezwa na ukungu, dakika ya 70 dogo mmoja meneja wa timu ananifuata ananong'ona, "kaka, hivi tukitoka droo inakuwaje?" Dakika ya 70 jamani! Nilitaka kumzaba kibao halafu nikakumbuka mimi mwenyewe.

1. Bebeni taulo la kufuta mpira, mwezi wa 7 nyasi zinalowa mpaka saa nne.

2. Someni kanuni za kombe. Sheria za raga mnazo kichwani, nasema kanuni za kombe lenyewe, maana kwenye mtoano lazima mmoja aende nyumbani na kila kombe lina namna yake ya kumtoa. Kombe la vilabu la Uingereza lilipoanza msimu wa 1971/72, ule Gloucester walimpiga Moseley 17-6 fainali pale Twickenham, misimu ile ya mwanzo sare ilikuwa inambeba mgeni. Fainali ya 1982 timu hizo hizo zikatoka 12-12 hata baada ya muda wa nyongeza, wakagawana kombe. Mimi kichwani kwangu nikabaki na neno moja tu, nyongeza.

Sasa tukaenda Iringa, nusu fainali. Wenzetu trai mbili, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwenzako, pointi 5 kila moja, na mkwaju mmoja wa baada ya trai, pointi 2, jumla 12. Sisi penalti nne za pointi 3, 12, zote kapiga dogo mmoja ana mguu kama wa punda. Dakika ya mwisho imeshapita tunapata penalti ya tano, mita kama 25 kutoka milingoti ya goli, karibu katikati kabisa. Kapteni ananitazama mimi mwalimu wake. Na mimi kwa akili zangu nikaona wenzetu wamechoka wanashika viuno, benchi langu bado bichi, tukienda nyongeza tunawamaliza, mkwaju ukikosa si watatukimbilia? Nikapiga kelele "gonga, toa nje!" Dogo kanitazama mara mbili, akaugonga mpira kidogo kwa mguu, akautoa nje, na muda ulishaisha, refa akapuliza. Nikaanza kugawa maji. Ng'ambo ya pili wanarukaruka wanaimba, nikawacheka kabisa, nikasema hawa hawajui kama mechi haijaisha. Meneja wao akaja na karatasi, kistaarabu tu, "mwalimu, sare anapita mwenye trai nyingi." Mbili kwa sifuri. Karatasi kama hiyo nilipewa wiki nzima kabla, na pale Makambako niliifungia vitumbua.

Tukirudi Mbeya, mle ndani ya Kosta hakuna aliyeniongelesha mpaka Igawa.

3. Mkisoma matokeo ya zamani msipige hesabu kwa trai ya 5, tangu 1971 ilikuwa 4 mpaka ilipobadilishwa 1992, nimechoka kusahihisha ubishi wenu.

4. Msikilizeni mpigaji wenu, yeye ndiye anajua mguu wake ukoje siku hiyo. Yule wangu siku hizi anaendesha bajaji pale Kabwe, nikipanda hata salamu hanipi kwanza, anawasha, anageuka, "mwalimu, leo nikupeleke au nigonge nikutoe nje?" Na nauli ananichaji kamili.